Nzi bandia anafumuka: kagua uzi kabla hujailaumu gundi

Wanaofunga nzi bandia, yaani chambo cha kuvulia samaki cha manyoya na nywele zilizofungwa kwa uzi kwenye ndoano, hapa Uganda si wengi, lakini malalamiko yao yanafanana, awe mzee wa Jinja anayemtafuta sangara kwenye mawe ya mto Nile au kijana wa Kampala aliyeagiza jiliwa mtandaoni na kujifunzia kwenye video. Kichwa kimefunguka. Macho yamegeuka chini juu. Manyoya yamebaki mdomoni mwa samaki, ndoano imerudi uchi. Lawama karibu zote huiangukia gundi: ni feki, imeisha muda, muuzaji ni mwizi. Mara mojamoja ni kweli. Mara nyingi gundi haina kesi, kwa sababu kinachoshika vitu kwenye ndoano ni uzi uliokazwa, na gundi inaulinda tu uzi huo usikwaruzwe wala kulegea. Hata ule ubishi wa nani anafunga nzi wa asili na nani anaharibu mila nao, ukiuchungulia vizuri, unarudi hapohapo: kila kilichofungwa kwenye ndoano kina kazi gani?

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila moja ninaanza na chanzo kinachotokea sana na ukaguzi usiogharimu kitu.

UZI UNAKATIKA KATIKATI YA KAZI

Mshukiwa wa kwanza ni ncha ya ndoano. Unapozungusha, uzi unaigusa ncha kidogo tu, vinyuzi viwili vitatu vinakatika bila wewe kuona. Baada ya mizunguko kadhaa unakaza, uzi unakatikia mbali kabisa na ncha, nawe unasema uzi mbovu. Uvute polepole mbele ya taa. Ukiona vinyweleo vimesimama upande mmoja, umejeruhiwa na hautapona. Funga fundo, kata, anza upya na uzi mzima, halafu rekebisha mkono: kila ukifika nyuma, pitisha bobini (kile kishikio cha kibiringo chenye mrija wa kupitishia uzi) chini zaidi ya ncha, usikatize njia.

Wa pili ni mdomo wa bobini. Bobini nyingi za bei nafuu zina mrija wa chuma uliokatwa bila kusuguliwa. Pitisha kipande cha soksi nyororo za kike kwenye mdomo huo, au pamba kidogo. Kikinasa, umempata mwizi. Sugua kwa msasa laini kabisa uliokunjwa mwembamba, au mpelekee sonara, kwake ni kazi ya dakika chache. Ukiwa na hela, bobini yenye mdomo wa kauri inamaliza kesi hii moja kwa moja.

Kisha uzi wenyewe. Uzi wa pamba wa cherehani unavimba, unatoa vumbi, na unaoza kwenye unyevu. Wa polista wa cherehani ni imara, na kwa ndoano kubwa za sangara haudhuru, ila kwenye ndoano ndogo unajaza kichwa kabla hujamaliza. Kibiringo kilichokaa dirishani juani miezi mingi kinadhoofika kuanzia tabaka la nje. Toa mita kadhaa, kisha jaribu kuukata wa ndani kwa mikono. Ukiona wa ndani ni mgumu kuliko wa nje, tupa wa nje, endelea.

Mkono mzito uko mwisho wa orodha. Wanaoanza hudhani ndio chanzo kikuu, lakini mkono hujifunza upesi, na mrija mbovu haujifunzi.

VITU VINAZUNGUKA KWENYE SHINA LA NDOANO

Dalili hii ndiyo inayofanya watu wamwage supaglu kama mchuzi. Mshike nzi, bana mwili kwa kidole na kucha, zungusha taratibu. Ukisogea, angalia kwanza kama kuna msingi wa uzi chini yake. Shina la chuma linateleza, kwa hiyo kitu kilichofungwa juu ya chuma kitupu kitazunguka hata kwa gundi ya bei ghali. Tandika uzi kwanza, mizunguko inayogusana, kutoka nyuma ya jicho la ndoano hadi panapoanza kupinda.

Kwa macho ya chuma yenye umbo la nyundo mbili, kama yale aliyoyapatia umaarufu Mmarekani Bob Clouser, msingi peke yake hautoshi. Funga kwa umbo la nane (8), mara kadhaa kila upande, halafu zungusha uzi kwa ulalo chini ya macho na juu ya shina, ukizunguka lile fundo lenyewe kama unafunga kamba ya nguzo. Mizunguko hii ya mwisho ndiyo inayoibana ile nane, na ndiyo wengi wanayoiacha. Jaribu kuyageuza kwa vidole. Yakigoma, hapo ndipo tone moja la supaglu nyepesi linapostahili. Yakisogea, fumua. Gundi juu ya fundo legevu itashika hadi samaki wa kwanza, basi.

Na macho yakae upande wa juu wa shina, ule usio na ncha. Uzito huo humgeuza nzi ndani ya maji, ncha ikatazama juu, na hivyo hanasi kwenye mawe. Mtu akilalamika kwamba nzi wake wa aina ya Clouser anaogelea ncha ikitazama chini, huwa ameyafunga upande wa ncha.

Kama macho ni ya risasi, nawa mikono kabla ya kula, na usiyashike kwa meno.

MKIA UNAJISOKOTA KWENYE NDOANO

Kwa nzi wakubwa wa sangara, wale wa kuzidi kiganja, hili ndilo linalopoteza samaki wengi kuliko yote. Unarusha, mkia unajikunja kwenye pindo la ndoano, nzi anarudi akizunguka hovyo, na sangara hamtaki.

Chanzo cha kawaida ni nywele laini mno. Hapa kwetu tunatumia sana nywele za saluni, na ninazisifu: ni nafuu, ziko kila mji, rangi zote, hazinyonyi maji. Dukani Jinja dada muuzaji aliwahi kuniuliza, "Kaka, ni za mama au za binti?" Nikamwambia ni za samaki, zisizong'aa sana. Akaniletea rasta za kijivu zilizofifia, rangi ileile ya mgongo wa samaki mdogo. Ila nywele hizi hazina mfupa. Zikilowa zinaning'inia, hazisimami.

Jaribu hivi: mloweshe nzi kwenye ndoo, mshike kwa jicho la ndoano, mtikise mara kadhaa. Mkia ukilikumbatia pindo la ndoano, punguza kwanza wingi na urefu. Watu hujaza nywele wakidhani sangara anapenda mwili mnene, kumbe kinachompa umbo ni nywele chache zilizopangwa kwa ngazi. Usipopona, weka chini ya mkia kishungi kifupi cha nywele ngumu, za mbuzi au za mkia wa ndama, zibebe zile laini. Dawa kali zaidi ni kitanzi kidogo cha mshipi mnene wa nailoni kilichofungwa pindoni kikilala bapa, mkia ukapumzika juu yake.

Nywele hizi pia zinachomoka, kwa sababu zinateleza. Usizifunge kwa ncha. Zifunge katikati, kisha kunja nusu ya mbele irudi nyuma, funga tena juu yake. Zikishakunjwa hivyo, hata tigafishi wa Ziwa Albert itambidi azikate, hawezi kuzing'oa. Atazikata, bila shaka. Kwa meno yale hakuna gundi wala uzi wa kumzuia, na anayekuuzia nzi "asiyeharibika" kwa tigafishi anakudanganya. Weka waya mbele ya nzi, beba nzi wa akiba.

GUNDI HAIKAUKI, AU INABAKI INANATA

Uliza kwanza ni gundi gani, maana kila moja hukauka kwa njia yake.

Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewa na wa kitu chenyewe, katika tabaka jembamba. Ukiweka tone nene, juu panakauka, ndani panabaki maji. Dawa ni kutumia kidogo. Ichukue kwa ncha ya sindano, usiikamue kutoka kwenye tyubu.

Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo wengi wetu tunaitumia kichwani, hukauka kwa kupoteza kiyeyusho. Chupa iliyofunguliwa kila siku inakuwa nzito kama asali, inakaa juu ya uzi bila kuzama, inakauka ngozi tu. Iongezee matone machache ya kiyeyusho chake, itikise, isubiri. Paka mara mbili nyembamba badala ya moja nene.

Epoksi ya sehemu mbili ikibaki inanata siku ya pili, uwiano ulikosewa au haikuchanganywa vya kutosha. Haitapona kwa kusubiri wala kwa kuanikwa juani. Ikwangue, anza upya. Pima nusu kwa nusu kwa ujazo kama ni aina hiyo, koroga hadi michirizi iishe, kisha endelea kidogo. Kwenye joto la Pakwach ile ya dakika 5 huganda mapema kuliko ilivyoandikwa, kwa hiyo changanya ya nzi wachache kwa wakati mmoja.

Rezini ya tochi ya UV ndiyo inayoleta maswali mengi siku hizi. Unato mwembamba juu peke yake ni kawaida kwa aina nyingi: hewa ya oksijeni inazuia tabaka la juu kabisa lisigande. Futa kwa spiriti, kama kuna kigumu chini umemaliza. Lakini ikibonyea, angalia betri za tochi kwanza. Halafu unene: weka tabaka jembamba, mulika, weka jingine. Halafu rangi: manyoya meusi na rangi nzito hufunika mwanga usifike chini. Mwisho ni tochi yenyewe, kama mwanga wake haulingani na rezini uliyonunua. Na usifanye kazi karibu na dirisha. Jua letu lina UV ya kutosha kukugandishia rezini kwenye brashi, na chupa iliyoachwa wazi mezani utaikuta jiwe.

Hapa usicheze. Supaglu ikimwagikia kitambaa cha pamba au pamba yenyewe hupata moto ghafla, inaunguza ngozi. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, vitenganishe kwa kuvibiringisha, usivivute. Ikiingia jichoni au kope zikishikana, osha kwa maji safi ya uvuguvugu, usiweke asetoni, usifungue kwa nguvu, nenda hospitali yenye daktari wa macho. Ukianza kubanwa kifua au ngozi kutoa vipele kila unapotumia epoksi au rezini, acha kazi umwone daktari. Mzio wa namna hii huongezeka kila unaporudia, na dirisha wazi pekee halitoshi.

KICHWA KIMEKUWA CHEUPE AU KIMEPASUKA

Weupe wa unga kuzunguka kichwa ni mvuke wa supaglu uliotua na kuganda, hasa siku za mvua hewa ikiwa nzito. Nzi yu mzima, ameharibika sura tu. Tumia gundi kidogo zaidi, mahali penye hewa inayotembea, au funika kwa rangi ya kucha.

Kupasuka kunatokana na ugumu. Supaglu ikikauka haipindi, na nzi anayegonga mawe ya Nile kila mrusho anahitaji kichwa kinachovumilia kipigo. Supaglu ibaki chini, kwenye msingi na macho. Juu tumia kitu kinachonyumbuka kidogo.

RANGI INACHUJA

Umetia rangi manyoya meupe ya kuku, yamependeza, majini yakawa kijivu. Chanzo kikuu ni rangi yenyewe: zile za unga zinazouzwa sokoni kwa ajili ya mikeka zimekusudiwa nyuzi za mimea, na unyoya ni protini kama nywele. Tafuta rangi ya sufu, weka siki, maji ya moto yasiyochemka, suuza hadi maji yatoke meupe. Pia unaweza kuwa hukuosha mafuta ya ndege kwanza. Sabuni ya vyombo inatosha. Kama umechora kwa kalamu ya wino usiofutika, jua kwamba rangi ya kucha huuyeyusha wino huo, kwa hiyo juu yake paka rezini.

NZI WA KUELEA ANAZAMA

Hili linawahusu zaidi wanaokwenda kwa trauti kwenye mito baridi ya milimani. Kosa ni unyoya wa kuku wa broila. Amechinjwa akiwa na wiki chache tu, manyoya yake ni laini na yananyonya maji. Tafuta shingo ya jogoo wa kienyeji aliyekomaa. Kunja unyoya, vitawi vyake visimame vikirudisha kidole. Vikilala, ni wa mkia wa nzi wa kuzama. Sababu nyingine ni gundi iliyopanda kwenye manyoya, na ndoano nene.

"HUYO SI NZI WA ASILI"

Naiweka kati ya dalili kwa sababu inaua ari ya watu kuliko gundi feki. Mtu anaonyesha kazi yake, anaambiwa Adams wa kweli, yule nzi maarufu wa kuelea, hafungwi hivyo.

Angalia kwanza mlalamikaji anatetea nini. Adams alifungwa Michigan, Marekani, mwaka 1922 na Len Halladay, akichanganya manyoya ya jogoo wa kahawia na ya jogoo mwenye milia ya kijivu. Mchanganyiko huo una kazi: huwezi kusema nzi ana rangi gani, anaonekana kama ana uhai. Majogoo wa kuroila waliojaa vijijini kwetu, wengine wana milia hiyohiyo. Ukiwatumia umeilinda kazi. Ukiweka unyoya mweusi mtupu umefunga nzi mwingine, na hapo mlalamikaji ana haki: mpe jina jingine.

Kisha kuna ubishi ambao historia yenyewe inaucheka. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza, alifunga tunutu wake maarufu (nzi wa kuzama anayeiga mdudu mchanga wa majini) kwa manyoya ya mkia wa ndege aitwaye fezanti, bila uzi kabisa. Alitumia waya mwembamba wa shaba, ukawa uzi na uzito kwa pamoja. Wengi wanaomfunga leo wanatumia uzi, wanaongeza manyoya ya tausi kifuani na miguu, kisha wanamkemea mwenzao aliyetumia bata mzinga kwa sababu fezanti hapatikani Kampala. Unyoya wa mkia wa bata mzinga uliotiwa rangi ya kahawia unafanya kazi ileile. Waya wa shaba utaupata ndani ya mota mbovu kwa fundi yeyote wa umeme.

Upande mwingine nao una makosa yake. Wanaosema mila haina maana hutupa vitu walivyofikiri wazee kwa bidii. Mmarekani Lefty Kreh alipofunga nzi wake aitwaye Deceiver miaka ya 1950 aliyaweka manyoya nyuma kabisa, na mara nyingi mtu huona hilo ni pambo. Ni dawa ya mkia kujisokota, ile tuliyoihangaikia hapo juu. Nta nayo: kabla ya supaglu uzi ulipakwa nta ya nyuki, unashika kila unachokigusa na mzunguko haurudi nyuma. Nta ipo tele kwa wafuga nyuki wetu. Paka uzi wa pamba au wa hariri, utashangaa gundi inavyopungua.

Kwa nzi wa salmoni wa karne ya 19 mila imekuwa ugonjwa kamili. Mwaka 2009 mwanafunzi wa muziki aliiba ngozi 299 za ndege kutoka makumbusho ya Tring, Uingereza, kwa sababu wafungaji walikuwa tayari kulipa pesa nyingi kwa manyoya "halisi". Samaki hajui tofauti kati ya hayo na ya kuku aliyetiwa rangi.

Hapa pia pana mstari wa kutovuka. Kumiliki sehemu ya mnyama au ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019, hata kama unyoya umeuokota. Korongo-taji, ndege wa taifa, usimguse kabisa. Kanga wa kufugwa ruksa. Ukiwa na shaka juu ya ngozi uliyopewa au unayotaka kuingiza nchini, waulize Mamlaka ya Wanyamapori kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa.

MANYOYA YANALIWA KISANDUKUNI

Vumbi kama unga wa msumeno chini ya manyoya, au vitawi vilivyokatika ovyo: ni mabuu ya nondo au ya mende wadogo wa ngozi. Tenga sanduku hilo mara moja. Kilichooza choma. Kilichobaki kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza siku tatu au nne, toa siku moja, rudisha tena, kwa sababu mayai huvumilia baridi ya kwanza. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Unyoya mpya wa sokoni osha kwa sabuni, anika kivulini, ugandishe kabla ya kuuchanganya na mengine.

Usichukue manyoya ya ndege uliyemkuta amekufa. Januari 2017 homa ya ndege iligunduliwa kwa ndege wa porini kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe. Ukikuta kuku au ndege wengi wamekufa pamoja, usiwashike, piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya.

NDOANO IMEINGIA MWILINI, AU IMEPATA KUTU

Bana chembe, kile kijino kilicho nyuma ya ncha ya ndoano, kwa koleo kabla ya kuanza kufunga. Ikivunjika bado hujapoteza kazi, na ikikuchoma kidoleni inatoka ilivyoingia. Ikiwa na chembe na imezama, au iko karibu na jicho, kwenye kiungo au shingoni, usivute. Kata mshipi, funika nzi na mkono kwa kitambaa visitikisike, nenda zahanati, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kutu hutokana na nzi aliyerudishwa kisandukuni akiwa mbichi. Waache wakauke usiku kucha juu ya kipande cha povu. Ncha ikishaliwa haifai kupigwa tupa: kata manyoya kwa wembe, okoa macho ya chuma, na ndoano itie kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto na mbuzi.